Mwaka Amisi Alipowekwa Libero

Siku ya pili ya matanga ya Amisi, wazee wa timu yetu ya zamani walikuwa wamekwisha kugombana. Tulikuwa tumekaa uani kwake hapa Kasongo, kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa vingine kanisani na vingine msikitini, wanawake wakipika nyuma ya nyumba, na Shabani, ambaye miaka hii hasikii vizuri na kwa hiyo anaongea kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, alikuwa anasema kwamba Mwalimu Kalume alimharibu Amisi. Mwalimu mwenyewe alikufa zamani, hawezi kujitetea. "Ule mutu alikuwa namba kumi," Shabani alisema. "Namba kumi ya kweli. Mwalimu akamutia nyuma, akamuacha kule mupaka uzee. Kama angemuacha mbele, leo tungekuwa tunazika mutu wa Kinshasa!" Wengine wakaitikia. Vijana waliokuja kuchimba kaburi, ambao hawakumwona Amisi akicheza hata dakika moja, nao wakaitikia. Mimi nilikunywa chai yangu. Nilikuwa golikipa wa timu ile, wenzangu wakaniita Gole, na golikipa ndiye mtu pekee anayeuona mpango mzima wa timu, kwa sababu wenzake wote wamempa mgongo. Mgongo wa Amisi nimeutazama kuliko mtu yeyote aliyekuwa uani pale, wake zake wakiwemo. Ninajua kilichotokea mwaka ule, na nitakieleza hapa, maana kwenye matanga ukibishana na Shabani unaonekana huna huruma.

Mwalimu Kalume alikuwa anatufundisha jiografia asubuhi na mpira jioni. Hakuwa na ubao wa kuchorea timu. Alikuwa na kokwa za michikichi mfukoni, nyeusi, zimeng'aa kwa kushikwashikwa, na Jumamosi alituita kwake, tukaketi chini kuuzunguka mkeka, naye akazipanga. Chumba kile nakikumbuka vizuri: magunia ya mpunga ukutani, redio iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, harufu ya samaki wakavu wa Nyangwe kutoka jikoni, na mke wake akituletea sinia la karanga za kuchemsha. Tulikula na kutupa maganda hapo hapo mkekani, mpaka mabeki na maganda vikachanganyika. Siku moja Mwalimu aliokota kitu akakitupa nje ya mlango akisema, "Hii si mutu, iko ganda," na kumbe alikuwa amemtupa beki wetu wa kushoto. Kijana mwenyewe alinuna wiki nzima. Tulicheka, lakini tulichukulia kokwa zile kwa uzito, kwa sababu mahali kokwa yako ilipokaa Jumamosi ndipo utakapokaa wewe Jumapili mbele ya mji mzima. Mwalimu alikuwa na imani moja tu kuhusu mpira, na aliirudia mpaka tukaichoka: kwanza utazame watu ulio nao, wana miguu gani na pumzi gani, halafu ndipo upange. Makocha wengine wa Kasongo walipanga nne-tatu-tatu kwa sababu walikuwa wameisikia redioni. Yeye pia alipanga nne-tatu-tatu, ila alisema ni kwa sababu ya Amisi.

Amisi alicheza katikati, mbele kidogo ya viungo wenzake, jezi namba kumi. Mpira wote ulipita kwake. Hakuwa na mbio. Wazee wa uani hawapendi kusikia hivyo, lakini nilikuwepo: hakuwa na mbio, alikuwa na macho. Alijua mpira unakwenda wapi kabla ya mtu aliyeupiga. Kwenye viwanja vyetu, ambako kila timu ilikuwa ya vijana tuliofahamiana tangu tukiwa wadogo, walimwachia nafasi kwa heshima au kwa uoga, na yeye akasimama pale na mpira mguuni akigawa kama mama anayegawa ugali. Alipenda sana kugawa. Na kwa wakati ule alitaka jambo moja tu: Kindu. Mshindi kati ya Kasongo na Kabambare angekwenda kucheza Kindu, na huko kulikuwa na klabu kubwa zilizochagua vijana kutoka wilayani. Aliniambia mara nyingi, tukiwa tunaoga mtoni baada ya mazoezi, kwamba wakimwona mara moja tu akiwa na namba kumi yake, watamchukua. Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu anayekuambia njia ya kwenda shambani kwake.

Mwaka ule mechi ya Kabambare iliangukia mwezi wa Ramadhani. Kikosi chetu kilikuwa nusu Wakristo, nusu Waislamu, kama ilivyo karibu kila kitu hapa Kasongo. Kabambare nao walikuwa vivyo hivyo, ila wao wangelala kwao na kula daku kwa mama zao kabla ya alfajiri, wakati sisi tungekuwa njiani kwenye lori. Mwalimu, ambaye alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, alivaa shati lake safi akaenda mwenyewe kwa shehe kuuliza. Shehe akamjibu kwamba msafiri ana ruhusa ya kula, siku hiyo atailipa baadaye. Mwalimu alirudi na furaha ya mtu aliyeongezewa mchezaji. Mkekani akawaambia waliofunga, "Shehe anasema musafiri anaweza kula. Kwa hiyo siku ya mechi watu wote watakula saa sita, na tutacheza nne-tatu-tatu yetu." Amisi akasema, "Tumesikia, Mwalimu." Mwalimu alizirudisha kokwa mfukoni akiamini mambo yamekwisha.

Lori lilizama kwenye tope karibu na Lusangi. Tulisukuma mpaka miguu ikawa mizito, tukalala kwa watu wa pale, na daku ya wenzetu ilikuwa muhogo wa kuchoma na maji. Tulipofika Kabambare asubuhi tulipelekwa kwenye nyumba ya mama mmoja aliyeitwa Mama Zaina, mwanamke mnene wa sauti ya juu, ambaye alikuwa ametoa chumba kizima na kutandika mikeka kutoka ukuta hadi ukuta. Nyumba ilikuwa ya Waislamu na wote walikuwa wamefunga. Barazani, kwenye kitanda cha kamba, alilala baba yake, mzee mgonjwa, midomo imekauka hata kuongea kulimpa taabu, na yeye pia amefunga. Alituuliza habari za safari mmoja mmoja, akauliza kama barabara ya Lusangi bado ni mbaya. Amisi alichuchumaa karibu naye muda mrefu kuliko sisi wote, akimjibu polepole. Waliongea hata juu ya mpunga.

Saa sita ilipofika, Mama Zaina alituletea sufuria ya ugali, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotiwa mawese na karanga, na kuku wawili wazima. Akaviweka mlangoni akaondoka, kwa adabu, ili tule kwa nafasi. Mwalimu alikuwa ametoka kwenda kutazama uwanja. Sisi tukatazamana. Wenzetu Waislamu wakasema wamefunga. Sisi Wakristo tukaona aibu: utakulaje kuku ndani ya nyumba ambamo hata mgonjwa hajanywa maji, mbele ya wenzako waliosukuma lori pamoja nawe? Mmoja wetu akasema hana njaa. Mwingine akasema tumbo linamsumbua. Mimi nilisema golikipa hali kabla ya mechi, jambo ambalo nilikuwa nimelitunga dakika ile ile. Tukakifunika chakula vizuri, tukamwita mtoto wa kike wa nyumba tukamwambia ampe mama shukrani zetu. Tulijiona watu wenye adabu kuliko wote katika Maniema.

Sasa, kwetu chakula cha mgeni kikirudi jikoni hakijaguswa, kina maana moja tu. Mama Zaina alirudi na sufuria kichwani. Alisimama mlangoni akatutazama, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya hasira. "Batoto ya Kasongo," akasema, "chakula yangu iko na nini? Munaogopa nitawatilia sumu? Miye nimepika na njaa yangu, hata chumvi sikuonja, munanirudishia sufuria mbele ya majirani?" Tukaanza kujibu wote kwa pamoja, jambo lililofanya mambo kuwa mabaya zaidi. Ndipo Mwalimu akaingia, kofia mkononi, akasimama kati ya yule mama na sisi, akauliza swali moja: "Nani amekula?" Akasubiri. "Hakuna mutu hata mumoja?"

Alimwomba Mama Zaina msamaha kwa maneno marefu na mazuri, akamwomba akae chini aone kwa macho yake, kisha akatugeukia. Nilimfahamu vizuri, alikuwa amekasirika, lakini alikuwa pia anahesabu. "Wakristo, nawa mikono. Mutakula sasa, hapa, mbele ya mama." Tukanawa. "Na ninyi wasafiri, shehe ameruhusu. Nani anakula?" Shabani, yule yule Shabani, hakusubiri arudie. Alivuta beseni akanawa, akasema, "Ruhusa iko ruhusa," akachukua paja la kuku. Wengine wanne walibaki na mikono magotini, Amisi akiwa mmoja wao. Mwalimu akamwambia, "Amisi." Amisi akajibu, "Apana, Mwalimu. Unisamehe. Ule muzee iko mugonjwa na anafunga. Niko ndani ya nyumba yake, nitakula vipi?" Mwalimu akamwambia mzee yuko barazani, hataona. Amisi akatikisa kichwa. Hakubishana, hakutoa hotuba ya dini. Na mbele yetu sote Mwalimu akatoa kokwa mfukoni, akazipanga mkekani kando ya sufuria.

Nne-tatu-tatu ilikufa hapo. Waliokula aliwaweka pembeni na katikati, wakimbie kwa ajili ya wote. Wasiokula aliwarudisha nyuma, mbele ya goli langu, mahali pa kusimama. Ikawa tano-tatu-mbili, mpango ambao hatukuwahi kuufanyia mazoezi hata siku moja. Kokwa ya Amisi aliishika muda kidogo, kisha akaiweka nyuma ya nyingine zote, peke yake, karibu kabisa na mimi. "Wewe ni libero," akasema. Libero ni mtu wa mwisho kabla ya golikipa, hana mtu wa kumkaba, kazi yake ni kuziba mashimo ya wengine. Amisi aliitazama kokwa ile. "Nimefanya nini, Mwalimu?" "Hujafanya kitu. Hujakula. Mutu asiyekula hawezi kukimbia katikati ya jua hili." "Kule nyuma nani ataniona?" "Tushinde kwanza." Sufuria ilikuwa mbele yake, umbali wa mkono mmoja tu. Angenawa mikono, kokwa ingerudi katikati, na alijua hivyo, na sisi tulijua kwamba anajua. Nilikuwa na tonge mkononi, sijalipeleka mdomoni. Yeye akanitazama akasema, "Kula, Gole, mama anakutazama." Nikala. Sombe ilikuwa na chumvi ambayo sijaionja tena maishani, na hakuna aliyethubutu kukunja uso. Tulimaliza sufuria yote, Mama Zaina akaridhika, na tuliingia uwanjani nusu wana njaa na nusu wana kiu.

Kuhusu mechi yenyewe sina mengi, na hilo ndilo la ajabu. Kabambare walikuja kwa kasi, walikuwa wepesi kuliko sisi, na nilijiandaa kwa jioni ya mateso. Mateso hayakuja. Kila mpira wao wa hatari ulimkuta Amisi amekwisha kusimama pale ulipokuwa unakwenda. Hakukimbia. Alitembea. Alipiga hatua chache kushoto, mpira ukaja kushoto. Akarudi kidogo, mshambuliaji wao akajikuta anampasia yeye. Alifanya hivyo akiwa amekunja uso, bila furaha yoyote, kama mtu anayefagia ua wa jirani. Mara mbili tatu alitazama kule katikati, ambako kijana mwingine alikuwa akihangaika na kazi yake, nikaona mabega yake yakishuka. Shabani alifunga goli letu moja karibu na mwisho, na tangu siku hiyo hajaacha kuwaambia watu kwamba ni kwa sababu ya kuku wa Mama Zaina. Tulishinda. Tulikuwa tunakwenda Kindu.

Jua lilipozama tulifuturu kwa Mama Zaina: uji wa mchele, ndizi za kukaanga, samaki, na mikate ya mafuta iliyokuwa bado moto. Safari hii hakuna aliyekataa kitu. Kikombe cha kwanza alimpelekea baba yake, cha pili akampa Amisi kwa mikono miwili. Nje ya ua wa matete wanaume wa Kabambare walikuwa wanapita kutoka uwanjani, tukawasikia wanaongea. Mmoja alisema, "Tumefungwa na ule libero. Ule iko mutu mukubwa." Mwingine akajibu, "Alizaliwa libero, ule." Nilimgusa Amisi kiwiko. "Wanakusifu weye." Akaweka kikombe chini. "Miye si libero," akasema, na uso wake ulinifanya nijute kumgusa.

Baada ya Id tulivuka Lualaba tukapanda treni upande wa pili kwenda Kindu. Njia nzima Amisi alimsihi Mwalimu. Alisema sasa anakula, ana nguvu, hakuna sababu tena. Mwalimu alijibu kwamba hata yeye angependa, lakini mpango ulioshinda hauvunjwi kwa sababu ya kumfurahisha mtu mmoja. Wazee wa uani wanasema Mwalimu aliona mbali, au wanasema alikuwa na roho mbaya, inategemea nani ameshika chai. Miaka mingi baadaye nilimuuliza mwenyewe, amekwisha kustaafu. Alicheka. "Mbali gani? Nilikuwa na watu wanne wenye njaa, niliwatafutia mahali pa kusimama. Kama Amisi angekula, angebaki namba kumi mupaka leo." Nampenda kwa jibu hilo. Wengi wangejisifu.

Wanachokisahau wazee, kwa sababu walikuwa wananipa mgongo, ni kipindi cha pili cha Kindu. Timu ya kule ilikuwa ya wanaume wazima, wagumu, na ilipofika mapumziko walikuwa wanatuongoza kwa mabao mawili. Mwalimu alitazama watu wake, kama alivyotufundisha, akaona hana cha kupoteza. "Haya, Amisi," akasema. "Nenda kwako." Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo. Alivuta soksi zake juu, akakimbia kwenda katikati kabla hata ya mwamuzi kutuita. Alikuwa ameshiba, asubuhi ile tulikula wali na maharage kwenye sahani moja, mimi na yeye. Hakuwa na njaa, hakuwa amesukuma lori, jua lilikuwa la kawaida. Kando ya uwanja walikuwepo wale wanaume wa klabu aliokuwa akiwaota mtoni, wamekaa kwenye viti, wanatazama.

Mpira wa kwanza ulimfikia akiwa ameligeuzia goli lao mgongo, na kabla hajageuka ulikuwa umekwisha kuchukuliwa. Wa pili vivyo hivyo. Hakuna aliyemwachia nafasi kule. Kulikuwa na mtu mfupi mwenye kipara aliyemganda tu, na Amisi, ambaye alijua kila mara mpira unakwenda wapi, hakuwa na miguu ya kufika kabla ya yule mfupi. Nilisimama golini nikatamani mtu anizibe macho. Nilikuwa namwombea apate mmoja tu, mpira mmoja mzuri. Hakupata. Alikuwa mchezaji wa kawaida pale, wa kawaida kabisa, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mahali pa kuona hivyo vizuri kuliko wote.

Kisha wakatujia tena, watatu kwa wawili, na nilipaza sauti nikijua hakuna wa kunisaidia. Amisi alikuwa amekwisha kugeuka. Alirudi nusu ya uwanja kwa ule mwendo wake usio wa haraka, akafika mahali ambapo pasi yao ya mwisho ilikuwa inaangukia, akauchukua mpira kama ulikuwa umeagizwa kwake. Akanipasia. Mwalimu hakuwa amemwita, na kando ya uwanja hakuna aliyepiga kelele. Nilidhani atarudi mbele. Hakurudi. Alibaki pale, mahali pa libero, akihema, jezi yake namba kumi imelowa jasho, akawatazama wenzetu wote kwa mbele, kila mmoja mahali pake. Halafu akaninyooshea mkono nyuma, akiuomba mpira, bila kugeuka, ili nisiuone uso wake.

"Gole," akasema, "niko hapa. Endelea kucheza."